Jibu: Kupinga uhamisho wa TSC mahakamani

Mwalimu, umeuliza kama unaweza kuishtaki TSC (Tume ya Huduma za Walimu ya Kenya) kwa kukuhamisha katikati ya muhula bila kukusikiliza. Unaweza, lakini usikimbilie kortini. Ibara ya 237 ya Katiba inaipa tume mamlaka ya kukupangia shule yoyote ya umma, kwa hiyo hoja ya "ni mbali na nyumbani" peke yake haifiki popote (wakili atakula hela yako bure). Shikilia Ibara ya 47, inayokupa haki ya kutendewa kwa haki katika maamuzi ya kiutawala: ulipewa sababu kwa maandishi? Kata rufaa kwa tume kwanza, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiruka hatua hiyo, jaji anaweza kukurudisha huko huko. Na ripoti shule mpya ukisubiri, usije ukashtakiwa utoro kazini.