Usiniambie unataka kuwa "kocha tu"

"Shikamoo kocha. Nina miaka 26, kano ya kisigino imegoma kupona. Nimeamua niache mbio, niwe kocha tu."

Ujumbe huu uliingia juzi usiku, na hilo neno "tu" likaninyima usingizi. Marahaba, dogo. Hata mimi nililisema.

Sitajishusha: nilikuwa nakimbia. Asubuhi kule Sakina, Arusha, wachache waliweza kunifuata mlimani. Mwaka ule wa Kilimanjaro Marathon kisigino kilikuwa kimeuma wiki tatu, nikanyamaza, maana meneja mmoja alikuwa anakuja Moshi kututazama. Nusu ya kwanza nilikuwa na wa mbele, tena nawavuta mimi. Tulipoanza kupandisha kuelekea Mweka, mguu ukalia "ta!" Nikakaa chini ya mgomba. Mama mmoja akaniletea maji, akaniuliza, "Umechoka, baba?" Meneja hakupiga simu siku ile, wala hajapiga mpaka leo. Ndiyo, bado inaniuma.

Miaka miwili iliyofuata niliuza mitumba. Tuiache.

Kisha watoto wanne wa Kijenge wakaniomba niwashikie saa. Siku ya kwanza mmoja akauliza, "Kocha, tukimaliza mita 400 tunapumzika dakika ngapi?" Nikabuni. Miaka tisa ya mazoezi na sina hata ukurasa mmoja! Miguu ilijua, kichwa hakikujua. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: andika. Umekimbia nini, umelalaje, wapi panauma.

Kazi yenyewe nilikuja kuielewa kwenye simu, nikitazama mchezo ambao Arusha hatutaucheza: baiathloni. Mtu anateleza kwenye theluji kwa fimbo na mbao za miguuni, bunduki mgongoni, mapafu yanawaka. Halafu anatakiwa alale alenge shabaha tano, mita 50 mbele yake, kila moja upana wa sentimita 4.5. Akikosa moja, katika mbio nyingi anazungushwa mita 150 za adhabu. Wajanja wanapunguza mwendo kabla ya kufika kwenye shabaha, wanashusha pumzi kwanza. Nikajiona Mweka. Hakuna aliyewahi kunifundisha kupunguza, na mimi nisingemsikiliza.

Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alisubiri kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo mwaka 2025. Alimpita Mjerumani mstarini kabisa, muda wao ukaandikwa sawa, 2:09:48, na dhahabu ikaja Tanzania. Kusubiri vile kunafundishwa, vijana, na anayefundisha siyo "tu". Ninyi mnapiga picha raba mpya, daftari hamna. Mnaficha maumivu mkidhani ni ushujaa. Andikeni! Nasema tena, andikeni.

Na wewe dogo, kisigino kipeleke hospitali kabla hujaamua lolote. Kesho saa 11:30 alfajiri tuko njia ya Ngaramtoni. Hukimbii, utashika saa. Yule wa Kijenge aliyeniuliza kuhusu dakika bado yupo kundini, na bado anauliza.