Elektrodi yako imevikwa blanketi

Swali: Mtaalamu, napima kichocheo cha kobalti na kaboni kwenye elektrodi ya diski inayozunguka (kipenyo milimita 5), ndani ya KOH (hidroksidi ya potasiamu) ya 0.1 M iliyojaa oksijeni. Tabaka lilikuwa linabanduka, nikadondosha juu yake maikrolita 4 za Nafion (polima ya kushikilia kichocheo) ya 5%. Sasa halibanduki, lakini mkondo wa kikomo (ule wa juu kabisa ambao oksijeni inayofika inaruhusu) kwa mizunguko 1600 kwa dakika umeshuka kutoka miliampia 5.3 hadi 3.1 kwa sentimita ya mraba. Mlinganyo wa Levich, unaokadiria elektroni kutokana na mkondo huo na kasi ya mzunguko, unanipa elektroni 2.3 kwa kila molekuli ya oksijeni (4 hutoa hidroksidi, 2 hutoa peroksidi). Je, kobalti imeanza kutengeneza peroksidi?

Jibu: Kobalti haina kosa. Ulichopima ni unene wa polima. Tone lile lina takriban miligramu 0.18 za Nafion kavu. Zitandaze kwenye diski yako ya sentimita za mraba 0.196, unapata utando wa karibu mikroni 5. Oksijeni hupita humo kwa shida kuliko majini. Mlinganyo wa Levich hauna habari na utando huo, kwa hiyo upungufu wote wa mkondo unahesabiwa kama upungufu wa elektroni.

Pima tena kwa mizunguko 400, 900, 1600 na 2500, kisha chora kinyume cha mkondo dhidi ya kinyume cha kipeuo cha pili cha kasi. Mteremko ukibaki uleule wa kabla ya Nafion na mstari ukapanda tu, tatizo ni utando. Mteremko ukikaribia maradufu, hapo ndipo tuzungumze elektroni 2.

Huu ushauri wa "ongeza tone la polima" unaharibu vipimo vingi mno, na wanaoutoa hawapimi unene hata siku moja. Utando mnene hudanganya hata upande wa pili: peroksidi hunaswa ndani na kugeuzwa hidroksidi kabla ya kufika kwenye pete inayopima peroksidi kando ya diski, pete inasoma kidogo, mtu anatangaza kichocheo cha elektroni 4. Wengine hupaka polianilini wakidhani inapitisha umeme popote. Kwenye KOH hupoteza protoni zake na karibu iache kupitisha kabisa.

Tabaka hubanduka kwa sababu diski ni chafu au wino umekauka kwa haraka. Isugue kwa alumina ya mikroni 0.05, ioshe mpaka maji yatandae bila kukatika. Wino: kichocheo miligramu 5, mchanganyiko wa maji na isopropanoli maikrolita 950, Nafion ya 5% maikrolita 50, utikise kwa ultrasoniki nusu saa, barafu ikiwa ndani ya beseni, maana wino ukipata joto huganda vibonge. Dondosha maikrolita 10, funika, uache ukauke taratibu. Nafion iliyomo inatosha kushika. Ukilazimika kufunika juu, izimue kwanza hadi 0.05%.

Pima pia kaboni tupu yenye polima ileile, kwa sababu kwenye KOH kaboni peke yake hugeuza oksijeni kuwa peroksidi. Na elektrodi ya pili iwe fimbo ya grafiti: platini huyeyuka kidogokidogo, ikahamia kwenye diski yako, na sifa zikaenda kwa kobalti.