Wachangiaji wa chuo wasiporudi mwaka wa pili: tuwashukuru vipi?

SWALI: Mimi ni ofisa wa uhusiano na wahitimu katika chuo kikuu chenye wahitimu wengi katika mikoa ya Mtwara na Lindi, nami huwahudumia kutoka ofisi yetu ndogo iliyopo Mtwara mjini. Mwaka juzi tuliendesha changizo la vifaa vya maabara, na watu 240 walichangia: wakulima wa korosho, walimu, wafanyabiashara, pamoja na kampuni mbili. Mwaka jana tulipowaomba tena, waliotoa walikuwa 60 tu. Uongozi unapendekeza tuandae chakula cha jioni cha shukrani, tutoe ngao, na tubandike ukutani majina ya wote na kiasi alichotoa kila mmoja. Je, hiyo ndiyo njia ya kuwashukuru ili waendelee kuwa nasi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuzungumzia chakula cha jioni, nakuomba ufungue jalada na uangalie ni nini hasa kilichowafikia wale watu 240 kati ya siku waliyotoa fedha na siku mlipowaomba tena. Nachelea kwamba utakuta mambo mawili tu: ujumbe wa mtandao wa simu unaosema muamala umekamilika, na barua yenu ya kuomba kwa mara ya pili. Kama ndivyo, basi mtu aliyewapa fedha hakuwahi kuambiwa na chuo kwamba fedha hiyo ilifika, wala ilinunua nini, na ngao haiwezi kuziba pengo hilo.

Kwanza nikutoe hofu kidogo kuhusu hesabu yenu. Watu 60 kati ya 240 ni robo, na robo si aibu. Huko Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Yale kilianzisha mfuko wa michango ya kila mwaka ya wahitimu wake mwaka 1890, bado ni jambo la kawaida kuona taasisi inapoteza zaidi ya theluthi mbili ya watu waliochangia kwa mara ya kwanza. Ninachokushauri ni kutenganisha makundi: hesabu peke yao waliokuwa wakitoa kwa mara ya kwanza, kisha hesabu peke yao waliokwisha kuwachangia huko nyuma. Ikiwa hata wale wa zamani wamepungua kwa kiasi hichohicho, hapo una tatizo kubwa kuliko la barua.

Liko pia jambo ambalo wengi katika kazi yetu hawapendi kulisikia. Mwaka 2023 watafiti Anya Samek na Chuck Longfield walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika Marekani kwa miaka sita, yakihusisha wachangiaji wapya wapatao 500,000, wengi wao wa vituo vya televisheni vya umma. Baadhi yao walichaguliwa kwa bahati nasibu wakapigiwa simu ya kushukuriwa, wengine hawakupigiwa. Wataalamu walioulizwa mapema walitabiri kwamba simu hizo zingeongeza michango. Haikuwa hivyo, kwani waliopigiwa hawakurudi kwa wingi kuliko wasiopigiwa. Mimi siyasomi matokeo hayo kama ruhusa ya kuacha kushukuru. Nayasoma kama onyo kwa yule anayeitumia asante kama chambo, akidhani neno zuri peke yake litamrudisha mtu mlangoni. Kushukuru ni wajibu, liwe na faida au lisiwe nayo, na kwa uzoefu wangu kinachomrudisha mtu ni kuona mchango wake umefanya kazi aliyoambiwa utafanya.

Kwa hiyo tenganisheni mambo matatu ambayo ofisi nyingi huyachanganya: stakabadhi, shukrani na taarifa. Stakabadhi ni kazi ya mhasibu, inathibitisha kiasi na tarehe. Shukrani ni ya mkuu wa chuo au ya mtu anayejulikana na mchangiaji, nayo inapaswa kutoka ndani ya siku mbili za kazi. Taarifa huja baadaye, kazi ikishafanyika. Mambo hayo matatu yakibanwa katika karatasi moja, mchangiaji husoma stakabadhi tu.

Siku mbili zinawezekana, lakini kikwazo chake huwa ni orodha. Mtu akituma kwa simu, kitengo cha fedha huona namba na jina lililosajiliwa, na hapa kwetu laini ya mzee mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mwanawe, au fedha imetumwa na wakala wa jirani. Mkiandika barua kwa jina lililo kwenye muamala, mnamshukuru mtu asiyetoa. Mpigie mwenye namba na umuulize kwa adabu: mchango huu tuuandike kwa jina la nani, na angependa tumtajeje, Mwalimu, Mzee, Bibi, Alhaji? Dakika tatu za simu hiyo zina thamani kuliko bahasha yenye nembo ya dhahabu. Na orodha hiyo ifike mezani kwako kila siku, isingoje mwisho wa mwezi.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuumbuka. Katika taasisi moja niliyoitumikia, tulikuwa tukipokea orodha ya malipo kila mwisho wa mwezi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Newala, ambaye hutoa kila Desemba bila kuombwa, alituma mchango wake, na siku tatu baadaye akapokea ujumbe wetu wa kumkumbusha kuchangia. Alijibu kwa sentensi moja, "Nilidhani nimeshatuma." Nilimpigia simu kuomba radhi, akacheka, lakini Desemba iliyofuata hakutuma kitu.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Kwa mfano: "Mwalimu, tumepokea shilingi 50,000 ulizotutumia tarehe 4 Desemba kwa ajili ya vifaa vya maabara ya kemia. Fedha hizi zimewekwa katika akaunti ya mradi huo na tutakapokwisha kununua vifaa tutakuandikia tukueleze tulichonunua. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao sasa wanafanya jaribio moja kwa makundi ya watu kumi, ndio watakaoanza kuvitumia. Tunakushukuru sana." Hakuna namba ya akaunti chini, wala ombi jingine, wala "tunatarajia utaendelea kutuunga mkono". Sentensi hiyo ya mwisho, ambayo makatibu muhtasi wengi huiandika kwa mazoea, huigeuza shukrani kuwa ombi, na msomaji huiona mara moja. Kwa walio mbali, Liwale au Tandahimba, barua iliyobebwa na mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo, akapiga hodi na kuikabidhi kwa mikono miwili, hufika vizuri kuliko ya posta. Ila mwanafunzi aulizwe kama yuko tayari, asilazimishwe kwa kuwa anapata ufadhili, na picha yake na habari za umaskini wa kwao zisitumiwe kuwatia watu huruma.

Taarifa ndiyo yenye uzito, na ndiyo iliyokosekana kwenu. Iandikwe hata kama mradi haujakamilika. Tuseme hadubini mlizoagiza zimechelewa bandarini miezi minne: mwandikieni mchangiaji kabla hajauliza, mwelezeni zimekwama wapi, fedha iliyobaki iko akaunti gani, na mnatarajia kuzipokea lini. Vyuo vingi huogopa barua ya namna hiyo, vikidhani itawavunja watu moyo, ilhali mkulima aliyewahi kungoja malipo ya mnada wa korosho anajua kuchelewa ni nini. Kinachomkera ni kukaa kimya kwa mtu aliyeshika fedha yake. Vilevile, fedha iliyoombwa kwa ajili ya maabara haiwezi kupelekwa kwenye paa la bweni hata kama paa linavuja, mpaka aliyeitoa aombwe na akubali. Kwa mchangiaji mkubwa, ombi hilo lifanywe ana kwa ana na jibu lake litiwe katika maandishi. Kwa wadogo walio wengi, waandikieni wote mkiwapa muda wa kukataa na nafasi ya kurudishiwa. Na taarifa itaje vitu vinavyohesabika: hadubini ngapi, za bei gani, wanafunzi wangapi wamezitumia muhula huu. "Tumepiga hatua kubwa" si taarifa.

Sasa kuhusu majina na kiasi ukutani. Najua desturi hiyo imetoka wapi: sote tumo katika makundi ya michango ya harusi ambamo mweka hazina hubandika kila jioni majina, ahadi na kilicholipwa. Kwenye harusi inaeleweka, kwa kuwa wanakamati wanadaiana. Chuoni, aliyetoa shilingi 10,000 kutoka pensheni yake atajiona yuko chini kabisa ya orodha inayoanza na kampuni, na mwaka ujao ataona afadhali asitoe kuliko kuonekana tena pale. Aidha, katika mikoa hii wako wengi wanaotoa kwa nia ya sadaka, nao hawataki mkono wa kushoto ujue ulichotoa mkono wa kulia. Kumtangaza mtu wa aina hiyo ni kumharibia nia yake. Liko na la kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililozifanya zikusanywe, kwa hiyo kutangaza jina na kiasi bila ridhaa ni kujitafutia lawama. Katika ile simu ya kwanza ongezeni swali moja: je, tukutaje jina? Atakayekubali atajwe kwa alfabeti, bila kiasi.

Chakula cha jioni sikiungi mkono. Mtu aliyechangia maabara akiketi mbele ya pilau na ngao ya kioo ataanza kupiga hesabu ya gharama, na hesabu hiyo haitakuwa upande wenu. Waalikeni asubuhi moja waje wenyewe maabara, wanafunzi wawaonyeshe jaribio, wanywe chai, waondoke.

Kampuni zinahitaji kitu tofauti, nacho ni nyaraka. Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 16, inamruhusu mwenye biashara kuondoa katika mapato yake mchango aliotoa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa au kwa mradi wa maendeleo ya jamii, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara hiyo, na michango inayotolewa chini ya Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania ina kipengele chake humohumo. Ulizeni ofisi ya mkoa ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kama chuo chenu kinatambuliwa hivyo kabla ya kumwahidi mtu nafuu yoyote. Kampuni ikitoa saruji badala ya fedha, pokeeni kwa hati inayotaja idadi ya mifuko na tarehe, na thamani yake aiseme mtoaji.

Kalenda nayo muipange upya. Ombi lenu la mwaka jana lilitoka mwezi gani? Likitoka Juni, mkulima wa Newala alikuwa akihangaikia salfa ya kupulizia mikorosho, ingawa mwenzake wa Nachingwea huenda alikuwa akiuza ufuta. Minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, na fedha za stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuweka mazao ghalani yauzwe mnadani, huwafikia wakulima wiki zinazofuata. Huo ndio wakati wa kuomba kwa watu wa huko. Miezi ya ukata ndiyo ya kupeleka taarifa, kwa kuwa barua isiyoomba kitu katika miezi hiyo husomwa bila wasiwasi.

Kwa wale 180 ambao hawakurudi, msiwaombe chochote kwa sasa. Andaeni taarifa ya ukurasa mmoja ya changizo la mwaka juzi, mkianza kwa kukiri kwamba imechelewa, kisha ipelekeni kwa wote 240 kabla ya msimu wa korosho. Mwenye mamlaka ya kutia saini akiomba namba ya malipo iongezwe pale chini, mweleze kwa heshima kwamba itakuja na barua ya kuomba ya Novemba.