Maswali ya Wasomaji: Goti Linauma, Je, Ni Baridi ya Ziwa?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina miaka 44 na ninaanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Goti la kulia linauma ninapopanda kuelekea Mwanga na ninapoinuka baada ya kuchuchumaa. Asubuhi hukakamaa kwa dakika chache, kisha hulegea. Marehemu mama alizeeka na mkongojo kwa sababu ya magoti. Wenzangu wanasema ni baridi yabisi iletwayo na maji ya ziwa, na kwamba niache kula dagaa. Nifanye nini nisifike alikofika mama?
Muuza dagaa, Kibirizi

JIBU: Pole sana, dada yangu. Baridi ya ziwa inaweza kuzidisha maumivu ya goti ambalo tayari lina hitilafu, lakini haiuleti ugonjwa wenyewe. Maumivu yanayokuja unapolitumia goti, pamoja na mkakamao wa asubuhi usiofika nusu saa, yanafanana na baridi yabisi ya kulika kwa viungo, ambapo gegedu linalofunika ncha za mifupa hupungua kidogo kidogo. Huchochewa na umri, uzito uliozidi, jeraha la zamani, kurithi, na kazi ya kuchuchumaa na kubeba mizigo. Mawili kati ya hayo umeyataja mwenyewe.

Kuhusu dagaa, wenzako wamechanganya mambo. Anayepaswa kuwapunguza, pamoja na pombe na nyama nyekundu, ni mwenye gauti, aina ya ugonjwa wa viungo ambayo mara nyingi huanza ghafla usiku kwenye dole gumba la mguu. Wewe endelea kula. Kama ni vidole vya mikono yote miwili vinavyovimba na kukakamaa kwa saa nzima kila asubuhi, hiyo ni aina nyingine, ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo, nayo huhitaji dawa mapema.

Urithi hatuwezi kuubadili, lakini mzigo tunaweza. Ikiwa uzito wako umezidi, kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua, kwa hiyo mawese yapimwe kwa kijiko, si kwa upawa. Inua vichanja vya kuanikia vifike kiunoni, ugawe ndoo moja iliyojaa kuwa safari mbili, na kigoda ukibadilishe kwa kiti kirefu. Usiache kutembea, kwani goti lisilotumika hupoteza misuli inayolishika. Kila siku kaa kitini, nyoosha mguu mbele, hesabu hadi tano, kisha uushushe. Rudia mara kumi kwa kila mguu.

Vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa dukani na kumezwa kila siku bila ushauri, kama wengi wafanyavyo, huweza kuumiza tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu. Nenda Hospitali ya Maweni upimwe. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na likaambatana na homa, nenda siku hiyo hiyo, kwa kuwa vijidudu vikiingia ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa siku chache tu.