Vitabu vyangu vya foleni

Mleta mada anasema alimaliza kidato cha nne, na tangu hapo hajamaliza kitabu hata kimoja. Sasa anataka kurudi na vya Kiswahili, hajui aanzie wapi, na anauliza wenzake wanapata wapi muda. Mkuu, mimi ni dereva wa masafa, Dar–Lubumbashi. Muda ninao mpaka unanichosha. Tunduma, mpakani na Zambia, nimewahi kukaa kwenye foleni siku tano, gari halijasogea hata urefu wa tela.

Kwanza pole na shule, maana hata mimi ilinikuta. Kwenye mtihani niliandika insha ndefu juu ya Takadini, nikafaulu, na kitabu chenyewe sikuwahi kukifungua. Tulikuwa na kijitabu cha uchambuzi kimeshatafuna kila kitu: dhamira, migogoro, ujumbe, wahusika na tabia zao. Unakariri "Sekai ni mwanamke jasiri", unahamia swali la ushairi. Nimekuja kukisoma majuzi tu, baada ya mwanangu kurudi nacho kutoka shule na kukisahau mezani. Sekai kakaa miaka kwenye ndoa bila mtoto. Anampata, mtoto ana ualbino, mila inataka auawe, mama anamchukua na kutoroka naye. Nilianza kukisoma nimesimama jikoni nikisubiri chai, ikakaukia sufuriani. Kumbe ndicho hiki nilichokikariri miaka yote ile!

Kilichonirudisha mimi kwenye kusoma lakini si Takadini. Ni Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, nilichokiokota Posta, Dar, kwa wale wanaotandaza vitabu chini, shilingi elfu mbili. Ni hadithi ya upelelezi iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa maiti kwenye mzimu, watu wanasema wazee wamekasirika, halafu anakuja mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake, haamini mzimu wala nini. Kiswahili cha Unguja kinateleza humo mpaka unatamani ukitamke kwa sauti.

Nikakitamka kwa sauti kweli. Tupo Tunduma, usiku, taa ya kichwani imefungwa juu ya kofia, utingo wangu kashikilia mwiko wa ugali juu ya jiko dogo la gesi. Mwanzoni nilisoma ili nisisinzie chakula hakijaiva. Dogo, yaani utingo wangu, akaanza: "Suka (ndivyo anavyoniita mimi dereva), rudia hapo aliposema kuhusu barua." Narudia. Ugali unaungua chini, anasonga tu, macho kwangu. Usiku wa tatu dereva wa gari la mbele akaja kugonga mlango, tukajua tumemsumbua. Kumbe anataka kujua tumefika wapi, maana dirisha lilikuwa wazi na yeye alikuwa anafuatilia toka jana.

Tukakaribia mwisho. Bwana Msa kawakusanya watu, nafunua ukurasa, nakutana na gundi kavu. Kurasa za mwisho hazipo! Dogo akaniangalia kama vile nimezichana mimi. Tukawekeana dau la chipsi mayai, kila mtu na muuaji wake, yule dereva jirani naye akatia wake. Niliporudi Dar nikaenda Maktaba ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, nikaomba nakala, nikasoma zile kurasa nimesimama kwenye rafu kama mwizi. Sikwambii ni nani. Ila chipsi nilinunua mimi.

Ndiyo maana nakushauri, mkuu, uanzie kwa Bwana Msa. Wako watakaokwambia huwezi kujiita msomaji hujaanza na Shaaban Robert. Waheshimu, ila wasubirishe kidogo. Shaaban Robert ukimfikia ukiwa tayari una pumzi ya kusoma, utafaidi. Kusadikika (1951) niliusoma mwaka mmoja baadaye, safari nzima ya kwenda na kurudi. Nchi inaelea hewani, inatuma wajumbe pande sita, mmoja mbinguni, mwingine ardhini, kila anayerudi na habari njema anatupwa gerezani. Wengi wanaona humo ukoloni, na ni sawa. Mimi niliona pia ofisi nyingi nilizopeleka makaratasi. Halafu nikaja kujua kwamba mzee mwenyewe alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi! Nilicheka peke yangu barabarani. Mtu aliyekaa kwenye meza ya ushuru ndiye aliyeandika nchi ile.

Sasa nije kwenye kitabu ambacho nikiambiwa nibaki na kimoja, nabaki nacho: Kuli, cha Adam Shafi, 1979. Rashidi anaingia kazi ya ukuli kwenye bandari ya Unguja kama baba yake, na hadithi inakupeleka hadi mgomo wa mwaka 1948, ambao ulitokea kweli. Mimi mzigo naupokea bandarini kila mwezi. Naona kontena linashushwa na krini, sioni bega la mtu. Kuli kilinionyesha bega. Ukimaliza kukisoma hutatazama gunia vilevile. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba wabaya wake ni wabaya mno, hakuna hata mmoja mwenye siku nzuri. Kwenye Vuta N'kuvute (1999) mwandishi huyuhuyu kalegeza mkono, na Yasmin wa humo, binti aliyeozwa kwa mzee na kukimbia, anapumua kuliko watu wote wa Kuli. Kuna na filamu yake ya mwaka 2021. Anza na kitabu.

Kuli nilikisomea pia Lubumbashi, kwenye yadi tunayosubiria kupakia shaba. Mlinzi wa pale, mzee wa makamo, akavuta kigoda. Kule wanaongea Kiswahili chao, chepesi, kimechanganyika na Kifaransa, na hiki chetu wanakiita Kiswahili bora. Alikuwa ananisimamisha kila mistari mitatu nimfafanulie neno. Ilipofika watu wanabebeshwa mizigo akaacha kuniuliza maneno. Akasema babu yake alifika hapo kuchimba shaba. Basi, nikaendelea kusoma.

Mwenye mabinti asome Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971. Iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na wanafunzi wakaitafuta zaidi. Mimi nilimsoma Zakaria, baba mlevi na mkali anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, halafu nikampigia simu mke wangu nikiwa Makambako, nikamuuliza watoto wanaendeleaje. Akashtuka, akadhani nimepata ajali. Usiisome ukiwa na huzuni. Kezilahabi huyohuyo ana Nagona, chembamba kama kadi ya kliniki. Nimekianza mara tatu na mara zote tatu nimetoka mikono mitupu. Wakubwa wanasema ndicho kilele chake. Sitabishana nao.

Kwa Kenya, mchukue Ken Walibora, Siku Njema (1996). Kijana Kongowea anatoka Tanga kwenda hadi Kitale kumtafuta baba yake. Ni kitabu cha safari, na dereva yeyote atakiamini.

Cha karibuni zaidi ni Peponi. Hiki ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepewa Nobel mwaka 2021, Ida Hadjivayanis akakileta kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota wakakichapa 2022. Nilikichukua kwa woga, nikidhani Kiswahili kitakuwa cha kulazimisha. Wapi! Kijana Yusuf anatolewa kufidia deni la baba yake, anaingia kwenye msafara wa mfanyabiashara kwenda bara, hadi ng'ambo ya ziwa. Njiani kila mwenye eneo anataka chake kabla msafara haujapita. Zamani malipo hayo yaliitwa hongo, yalikuwa ushuru wa njia unaojulikana na watu walipatana bei hadharani. Nilikuwa nimepaki kwenye kizuizi kimoja nikisoma habari hizo, nikamsomea dogo, akasema, "Suka, mbona bado tuko kwenye msafara uleule."

Kuhusu muda: usijipangie kurasa kwa siku. Nilijaribu, nikaacha ndani ya wiki. Msomee mtu. Ukishakuwa na mtu anayesubiri kujua kilichotokea, utasoma tu. Dogo sasa hivi ana gari lake na utingo wake, na bado ananitumia ujumbe wa sauti kunidai sura inayofuata.

Vya kununua, tembea kwa wale wa Posta au pita duka la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora, na kabla hujalipa funua kurasa za mwisho, unajua kwa nini nasema. Tafadhali msiniombe PDF, sina. Kuli ninazo nakala mbili. Moja imemwagikiwa mafuta ya breki lakini inasomeka mpaka mwisho, nipo Dar hadi Alhamisi, anayeitaka aje PM, ujumbe wa faragha.