Katlesi za Kibua

Mmetuuliza wiki hii: ukiwa na dhiki moyoni hukimbilia chakula gani, na kinakupa nini mwilini? Mimi ni katlesi za samaki, na nikisema samaki nakusudia kibua, yule samaki mdogo wa baharini. Nguru waachieni wenye wageni.

Mwaka nilioachishwa kazi Mombasa nilirudi Lamu na begi moja. Mama hakuniuliza neno. Alinisukumia sinia ya vibua waliochemshwa kwa ndimu, manjano na chumvi, akasema, "Chambua miba, mwanangu." Kibua ana vijimiba vyembamba kama nywele, huvioni, wavipapasa kwa ncha za vidole. Kazi hiyo haikupi nafasi ya kumuwaza bosi. Sinia ilipokwisha, kifua kilikuwa kimefunguka kidogo. Tukaponda viazi, tukatia thomu, pilipili mbichi na kotmiri, tukafinyanga viganjani, tukachovya kwenye yai. Nilikula sita kabla ya adhana ya magharibi, na chai ya tangawizi sikuihesabu.

Faida yake ipo. Gramu 100 za samaki huyo zina protini kama gramu 20, na kwa kuwa nyama yake ina mafuta, humpita changu na tewa kwa omega-3, yale mafuta mazuri ya samaki. Vitamini B12 nayo imo. Hasara iko karaini: gramu moja ya mafuta ni kalori 9, ya protini ni 4 tu. Mafuta yasiposhika moto sawasawa, katlesi huyanywa. Mama hutupia kwanza chembe ya kiazi. Ikizama ikatulia, hagusi kitu. Ikipanda juu ikichemka, ndipo aanze.

Za kununua ndizo zinazonikera. Unauma, unauma tena, kiazi kitupu. Samaki kapita dirishani. Msimu wa kusi nasamehe, maana bahari imechafuka, wavuvi wamekaa na bei imepanda. Lakini kaskazi, mashua zarudi zimejaa, nako bado ni kiazi? Basi tuambiwe ni katlesi za viazi, tulipe bei ya viazi.

Siku hizi macho ya mama yamepungua nuru, na kuchambua ni kazi yangu. Hata hivyo, kabla sijachanganya, huvuta bakuli, akapitisha vidole polepole. Hakosi kutoa mwiba mmoja, akauweka ukingoni mwa sinia, mbele yangu, bila kusema kitu.