Alcoblow iko barabara kuu, boda yuko mangweni

SWALI: Dada mhariri, shikamoo. Mi naendesha tuktuk hapa Malindi. Askari nawaona na alcoblow yao, kile kipima pombe, barabara ya Mombasa wanapulizisha wenye magari, lakini huku ndani boda anatoka mangweni kunakouzwa mnazi, saa za magharibi, mboko (vibuyu) mbili zishaingia, anapakia mama na mtoto mgongoni na hakuna wa kumuuliza. Hivi kaunti haina la kufanya, ama ni kazi ya polisi tu?

JIBU: Marahaba kaka. Kaunti inalo, tena kubwa, ila wanapenda kujificha nyuma ya polisi. Askari ni wa serikali kuu, sawa, lakini leseni ya pombe Katiba ya 2010 iliiweka mikononi mwa kaunti, kwa hivyo nani auze na auzie wapi wanaamua wao. Ile sheria ya pombe ya 2010 ambayo watu wameizoea kwa jina la Mututho inasema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, ifungwe saa tano usiku, na isiwe ndani ya mita 300 za shule, sasa saa tano ikigonga wote wanamwagwa nje pamoja, matatu zishalala, unadhani mwenye pikipiki ataiacha pale aende na miguu?

Mi ningekuwa kwenye kamati ya leseni ningedai kila baa iwe na steji ya tuktuk mlangoni mpaka watu waishe, na nyinyi mpate kazi.

Alcoblow yenyewe siidharau, ila tangu ianze 2013 imeenda kotini ikarudi, na haifiki vichochoroni. Mwenyekiti wa steji ya boda anafika. Kuna mmoja nilimuona njia ya Gede, kijana amekuja macho mekundu anaapa ati kanywa mnazi mtamu tu wa asubuhi, na ilikuwa saa kumi jioni! Mnazi hausubiri mtu, ukikaa mchana kutwa ushakuwa mkali. Mwenyekiti hakubishana, alichomoa ufunguo akatia mfukoni akamuonyesha mwembe, kalale. (Na kahawa chungu haitoi pombe mwilini, msidanganyane.)

Kamati ya leseni iko kwenye kaunti ndogo yenu na mwananchi anaruhusiwa kupinga ombi la leseni. Msiende mmoja mmoja, nendeni steji nzima.